Paa la Udongo Miyuji

Mvua ikianza kunyesha Miyuji, Dodoma, watu wote hukimbilia ndani. Anjelina alikuwa akitoka nje.

Majirani walikwisha kumzoea. Matone ya kwanza yakigonga bati, walimwona anafungua mlango wa jikoni akiwa na koti lake refu la mvua, anakwenda kusimama karibu na geti, mgongo ukutani, macho barabarani. Alisimama hivyo mpaka mvua ikatike. Kisha alirudi ndani, akabadilisha nguo, na kama alikuwa amekatiza kupika, akawasha moto upya na kuendelea. Rukaya, jirani yake wa ukuta mmoja, alikuwa akimtania: "Afande, leo umeingia lindo mapema." Anjelina alicheka. Hakuwa mtu wa kununa.

Na afande alikuwa kweli. Alizaliwa Mbinga, akajiunga na jeshi akiwa msichana, akasomea uuguzi humo humo, akafikia cheo cha koplo. Binti yake wa pekee, Yasinta, alipokuwa ndiyo kwanza anaanza shule, Anjelina alipelekwa mashariki ya Kongo na kikosi cha kulinda amani. Alirudi salama. Ndivyo kila mtu alivyosema, karudi salama, na mwenyewe alikubali, kwa sababu mikono yake ilikuwepo na miguu yake ilikuwepo, na wapo waliorudi ndani ya masanduku.

Mkataba wake jeshini ulipoisha hakuongeza mwingine. Mumewe, Optatus, alikuwa amehamia Dodoma na kazi yake katika ofisi za Bunge. Wakajenga Miyuji, na Anjelina akapata kazi kwenye zahanati moja ya Nkuhungu. Aliipenda Dodoma kuliko alivyotegemea. Ndugu zake wa Mbinga, waliozoea kijani mwaka mzima, walimwonea huruma kwa vumbi na ukame. Yeye alishukuru kimya kimya kwamba kwa sehemu kubwa ya mwaka hakuna tone linaloanguka. Miezi hiyo alilala vizuri, akaimba jikoni, akanenepa kidogo. Alikuwa amekwisha kuonana mara nyingi na daktari wa mambo ya akili wa jeshini, na ndoto mbaya na kutetemeka kwa mikono alivyorudi navyo kutoka Kongo vilikuwa vimemwacha. Kilichobaki ni mvua.

Nyumbani walijiwekea utaratibu wao. Optatus, akisikia bati limeanza, aliinuka na kuongeza sauti ya redio mpaka mwisho ili aifunike kelele ya mvua. Yasinta, ambaye sasa alikuwa kidato cha pili, alichukua mwavuli na kumfuata mama yake getini. Siku nyingine alimsimulia mambo ya shuleni, siku nyingine alinyamaza tu na kumkinga. Hakuna aliyemuuliza Anjelina kilichokuwa kinamtoa ndani. Waliogopa kwamba wakiuliza, watamrudisha kule alikotoka.

Basi ikawa mwaka mmoja, mvua zikiwa zinakaribia, mama yake Optatus akateguka mguu wakati wa kuandaa shamba. Mama huyo, Evelina, aliishi kijijini upande wa Bahi. Anjelina akaomba likizo, akafunga begi lenye dawa na bandeji, akaenda kumuuguza. Yasinta alibaki na baba yake.

Bibi Evelina alikuwa na nyumba mbili kwenye uwanja mmoja. Moja ilikuwa ya matofali, yenye mabati yaliyong'aa, ambayo Optatus alimjengea kwa mishahara yake ya kwanza kazini. Nyingine ilikuwa tembe la zamani: nguzo fupi za miti, kuta za fito zilizokandikwa, na paa bapa la udongo ambalo kuku walitembea juu yake. Bibi Evelina aliwaonyesha wageni ile ya mabati kwa fahari kubwa, kisha akawakaribisha ndani ya tembe. Nyumba ya mabati aliweka humo uwele, karanga na jembe la ng'ombe. "Ile nyumba ni nzuri sana," alikuwa akisema. "Nafaka yangu inalala vizuri."

Mchana mmoja wa joto kali, Anjelina alikuwa amekaa ndani ya tembe, mguu wa mama mkwe wake mapajani, akiukanda kwa mafuta. Ndani mlikuwa na giza lenye ubaridi na harufu ya moshi wa zamani. Walikuwa wanazungumza habari za Yasinta, jinsi alivyorefuka, jinsi anavyobishana na baba yake kuhusu nywele. Mara kuku mmoja akaingia mbio mlangoni, akajikung'uta, akawarushia maji usoni.

Anjelina akashangaa. "Huyu kuku katumbukia kwenye ndoo?"

"Ndoo gani, mkamwana?" Bibi Evelina akajifuta shavu. "Si mvua hiyo? Imeanza tangu ulipokuwa unanisimulia habari za nywele."

Anjelina aliuweka mguu wa mgonjwa chini taratibu, akaenda mlangoni. Uwanja mzima ulikuwa maji. Mbuzi walikuwa wamejibanza kwenye ukuta wa nyumba ya mabati, na mabati yenyewe aliyasikia kwa mbali yakirindima, lakini kama kelele za mahali pengine, za watu wengine. Hapa alipo yeye, juu ya kichwa chake, palikuwa kimya. Aliwasikia mbuzi wakilia. Alisikia mtu wa nyumba ya tatu akiita mtoto wake. Alisikia hata pumzi ya mama mkwe wake nyuma yake.

Akakaa pale pale kizingitini. Alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, na Bibi Evelina, ambaye hakuweza kusimama, alijiburuta kwa makalio mpaka karibu naye.

"Unaumwa?"

"Siumwi, Mama. Mvua inanyesha na mimi nimekaa."

Ndipo alipomwambia, jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu nje ya chumba cha daktari.

"Kule Kongo chumba chetu cha wagonjwa kilikuwa cha bati. Siku hiyo mvua ilikuja kubwa, mpaka mkizungumza hamsikilizani. Mwenzangu, alikuwa anaitwa Sila, akakumbuka nguo zake ziko kwenye kamba. Akasema ngoja nikazianue. Akatoka anacheka. Kumbe waasi wametuvamia kitambo, risasi zinapigwa, na sisi ndani hatusikii kitu. Mimi nikabaki nakunja bandeji. Nasema moyoni, huyu Sila anachelewa. Mama, alikuwa hapo hapo nje ya mlango, ameanguka, ananiita. Baadaye wenzetu waliokuwa upande wa pili wa kambi waliniambia aliita sana. Bati lilimeza sauti yake yote."

Bibi Evelina alisogea mpaka mabega yao yakagusana. Kisha akauliza, "Alikuwa na mama?"

"Anaye. Nilikwenda kumsalimia."

"Ulifanya vizuri." Akamshika mkono. "Kwa hiyo mvua ikinyesha wewe unatoka ili usikie nani anaita."

Anjelina akamgeukia. Hata daktari alichukua muda mrefu kufika hapo.

"Mwanangu anajua?"

"Hajui."

"Mwambie," alisema Bibi Evelina. "Halafu jengeni."

Anjelina alirudi mjini na wazo hilo kama mtu aliyebeba mayai. Jioni ya kwanza, baada ya chakula, alimwambia Optatus kwamba anataka chumba kimoja nyuma ya nyumba, chumba kikubwa cha kukaa, chenye paa la udongo. Alisema tu kwamba mvua chini ya paa hilo haisikiki. Habari za Sila hakuzitaja.

Optatus alikuwa mtu mpole, lakini jambo hilo lilimgusa mahali pabaya.

"Mama Yasinta, unajua shuleni niliitwa nani? Niliitwa Mtoto wa Udongo. Mvua ikinyesha usiku, tope linadondoka kwenye shati langu la shule, na mimi sina lingine. Nilisoma kwa taa ya koroboi ili nitoke chini ya paa lile. Mama yangu nimemtoa..."

"Hujamtoa, Baba Yasinta. Analala humo mpaka leo."

"Nimemjengea!" Alisimama. "Sasa wenzangu wa ofisini wakija hapa watasema nini? Kwamba Optatus amehamisha tembe kutoka Bahi hadi makao makuu ya nchi?"

Hawakugombana zaidi ya hapo. Walikuwa watu wa kunyamaziana kwa adabu. Lakini siku zilizofuata chakula kililiwa haraka, na Yasinta aliwatazama mmoja baada ya mwingine kama anayetazama watu wanaovuta kamba.

Mvua ilikuja Jumamosi alasiri, wote watatu wakiwa sebuleni. Ilianza kwa upepo na vumbi, kisha bati likapokea. Anjelina akainuka kuchukua koti lake. Yasinta akanyoosha mkono kuchukua mwavuli. Optatus naye, kama kawaida yake, akaenda kwenye redio na kuizungusha mpaka mwisho. Muziki wa kwaya ukajaa nyumba.

Mlangoni Anjelina alisimama. "Zima," alisema.

"Unasemaje?"

"Zima redio, Baba Yasinta! Inanizidishia kelele!"

Optatus aliizima. Alibaki na mkono wake kwenye kitufe, uso umemshuka. Miaka yote hiyo alidhani anamsaidia.

"Mbona hukuniambia?"

Anjelina akaanza kumjibu. Optatus aliona midomo ikitembea, lakini hakusikia neno. Bati lilikuwa linanguruma juu yao kana kwamba mtu anamwaga kokoto. Akamsogelea. Bado hakusikia. Mwishowe aliinama mpaka sikio lake likawa karibu na mdomo wa mkewe, na akasimama hivyo, amekunja mgongo, huku Anjelina akimsimulia habari za Sila na nguo zake kwenye kamba. Maneno mengine yalimfikia, mengine yaliliwa na bati njiani, ikabidi aombe ayarudie. Alipomaliza kusikiliza, alikuwa amekwisha kuelewa zaidi ya alichoambiwa, kwa sababu sikio lake lenyewe lilikuwa limehangaika kutafuta sauti ya mtu aliyesimama mbele yake.

Alichukua shuka iliyokuwa kwenye kochi, akajitupia begani. "Twende nje," alisema.

Rukaya, aliyekuwa akichungulia dirishani kwake, alisimulia baadaye kwamba siku hiyo lindo lilikuwa na askari watatu chini ya mwavuli mmoja, na mwanamume ndiye aliyelowa zaidi.

Wiki iliyofuata Optatus mwenyewe alikwenda Kizota kumtafuta fundi. Alimpata Athuman, fundi seremala aliyekuwa na karakana karibu na wachomeleaji, mtu wa maneno mengi na kazi safi. Athuman alisikiliza, akakuna kidevu, akasema hajawahi kujenga tembe, ila babu yake upande wa mama alizaliwa ndani ya moja. Alishauri kuta ziwe za matofali, ili mwenyekiti wa mtaa asipate homa kwa kuona kuta za udongo mjini, na juu ziwekwe boriti nene, fito, kisha turubai zito la nailoni kabla ya udongo.

Waliianza kazi mvua zilipokwisha. Bibi Evelina, mguu umepona, aliletwa kutoka kijijini kuja kutazama, na akaigeuza safari ya siku chache kuwa ya kiangazi kizima. Alikaa kwenye kigoda chini ya kivuli cha ukuta na kutoa amri kwa Kiswahili chake kilichochanganyika na Kigogo. Alipoiona nailoni alikasirika.

"Hiyo nini? Tembe linavaa soksi?"

"Ni ya kuzuia maji, Bibi," Athuman alimwambia. "Lisivuje."

"Likivuja unaweka udongo. Kila mwaka unaweka udongo. Ndiyo kazi ya watoto."

"Mtoto wenyewe ni mmoja, Bibi, na ana mitihani."

Yasinta akacheka mpaka akakaa chini. Bibi Evelina akanuna mpaka jioni, lakini nailoni ikabaki. Kwenye udongo alishinda yeye: alikataa ule ulioletwa kwanza, akisema una mchanga mwingi, wakaenda kuchimba wa kichuguu. Jumamosi na Jumapili familia nzima iliukanyaga kwa miguu, suruali zimekunjwa. Optatus alikuwa na vidole vya miguu vilivyokumbuka kazi hiyo, na alipoona mkewe anateleza alimwonyesha jinsi ya kuweka kisigino. Alikuwa ameloa matope mpaka kwenye nyusi siku wafanyakazi wenzake wawili walipopita kumletea kadi ya harusi. Walisimama getini wakimwangalia.

"Karibuni," aliwaambia. "Tunajenga tembe."

Mmoja wao, mtu wa Singida, ambako nako watu hujenga matembe, alivua viatu na kuingia kwenye udongo.

Chumba kilikamilika kabla ya joto la Oktoba, na joto lilipofika ndipo sifa zake zilipoenea. Mle ndani mlikuwa na ubaridi wa mtungi. Rukaya alianza kuja na mkeka wake mchana, akichambua mchele na kusema kwamba angejua angeolewa na Mgogo. Anjelina alitandika kitanda kidogo kwenye kona, akaweka meza na viti vya kamba. Akitoka zamu ya zahanati alipitiliza moja kwa moja huko, akavua viatu na kunyoosha miguu.

Mvua ya kwanza ilipokuja, hawakuambiana kitu. Kila mtu aliacha alichokuwa anakifanya na kuelekea chumba cha nyuma. Koti la mvua Anjelina alikuwa nalo mkononi. Alikaa ukingoni mwa kiti, karibu na mlango ulioachwa wazi, na nje maji yakaanza kushuka. Nyumba kubwa ilirindima, nyumba ya Rukaya ilirindima, mtaa mzima ulirindima. Mahali walipokaa palikuwa na mchirizo tu wa maji kwenye mfereji ambao Athuman aliuchonga.

Optatus alingoja kidogo. "Unasikia nini?" alimuuliza.

Anjelina alifumba macho. "Pikipiki, inashuka kwenye ile kona. Rukaya anagombeza watu waingize magodoro. Wewe unapumua kama mtu aliyekimbia." Akafumbua macho. "Yasinta anatafuna kitu."

"Karanga," Yasinta alisema, na kumpa kiganja kizima.

Alikaa mpaka mvua ikaisha. Mara mbili tatu aliinuka, akafika mlangoni, akatazama geti, akarudi. Hakuna aliyemwambia tulia. Bibi Evelina, aliyerudi kijijini siku nyingi, alipopigiwa simu na kuelezwa, aliuliza swali moja tu: je, limevuja? Alipoambiwa hapana, alikohoa, kisha akasema kwamba kama Athuman alibakiza kipande cha ile soksi, Optatus amletee Krismasi.

Isidhaniwe kwamba baada ya hapo yote yalinyooka. Mvua ikimkuta Anjelina dukani au kanisani, bado hutafuta mlango, na watu wanaomjua humpisha. Na kulikuwa na siku ya mbuzi.

Upande wa nyuma paa lilikuwa limeshuka mpaka karibu na tuta la udongo uliobaki, na baada ya mvua kadhaa majani mabichi yakaota juu. Mbuzi wa Rukaya, dume lenye ndevu, likayaona. Siku hiyo Anjelina alikuwa amejilaza, Optatus anasoma karatasi za ofisini mezani, mara vishindo vikapita juu ya vichwa vyao, tu, tu, tu, kama mtu anayekimbia kwa viatu vizito. Optatus alipogeuka, kitanda kilikuwa kitupu. Mkewe alikuwa chini, amejibanza kwenye pembe ya ukuta, mikono kichwani.

Hakumgusa, maana alikuwa amejifunza. Alikaa naye sakafuni, mbali kidogo, akasema kwa sauti ya kawaida, "Ni mbuzi. Ngoja nikamwangalie." Akatoka, akaangalia, akarudi. "Ni mbuzi kweli. Yule mwenye ndevu."

Ilimchukua Anjelina muda kuteremsha mikono. Pumzi ziliporudi mahali pake, alisema, "Anakula nini huko?"

"Anakula nyumba yetu."

Akaanza kucheka taratibu, bado yuko chini, jasho limemtoka. Optatus naye akacheka. Kisha wote wawili wakatoka nje kumtoa mbuzi, na mbuzi hakutaka kutoka. Alisimama katikati ya paa, jani limening'inia mdomoni, akiwatazama kama mwenye kiwanja. Optatus alipanda tutani na ufagio. Mbuzi akahamia upande wa pili. Anjelina akamzunguka kutokea upande huo na kumwamrisha ashuke kwa sauti ya gwaride, sauti ambayo mtaa ulikuwa haujawahi kuisikia, mpaka madirisha yakafunguka.

Rukaya akaja mbio na kanga kichwani. "Jamani, Mama Yasinta, nisamehe! Nilimfunga mwenyewe!"

"Ulimfunga na nini, dada, na uzi wa cherehani?"

"Kamba nzima! Kaitafuna!"

Yasinta, aliyekuwa ndiyo anarudi kutoka shule, alimaliza ubishi kwa kumwonyesha mbuzi ganda la tikiti. Dume likashuka lenyewe, kwa heshima zote, na kumfuata mpaka kwao. Rukaya alirudi jioni na sinia la vitumbua kuomba radhi. Walivila wote pamoja nyuma ya nyumba, huku Optatus akieleza kwa mikono jinsi atakavyoweka uzio wa miiba juu ya tuta, na Anjelina akipinga kwamba uzio wa nini, majani yenyewe yanahitaji kupunguzwa, na kama Rukaya atakubali, mbuzi aje Jumamosi kwa Jumamosi, ila abishe hodi kwanza.